Buddha wa Lantau: mzee wa sura, kijana wa miaka

Ukimtazama kutoka chini, ameketi juu ya ua la yungiyungi huku ukungu ukimpita kifuani, utadhani amekuwapo tangu enzi za wafalme. Kumbe sanamu hii ya shaba ya Ngong Ping, kisiwani Lantau, Hong Kong, ilizinduliwa Desemba 1993. Wasomaji wengi wa gazeti hili wameizidi umri.

Monasteri iliyo mbele yake ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1906 watawa watatu kutoka mkoa wa Jiangsu walikwea mlima huu wakajenga makazi, nayo yakaitwa Banda Kubwa la Nyasi. Jina la Po Lin, yaani Yungiyungi la Thamani, lilikuja 1924. Lantau ni karibu mara mbili ya kisiwa chenyewe cha Hong Kong, lakini hadi daraja la Tsing Ma lilipofunguliwa 1997, aliyetaka kuja alipanda chombo cha baharini.

Kwa hiyo hata Buddha alivuka maji. Alisubiwa kwa vipande 202 huko China bara, vikapandishwa mlimani, vikachomelewa hadi akasimama mita 34 pamoja na msingi wake. Uzito wake unapita tani 250. Msingi umeiga madhabahu ya Mbinguni ya Beijing, Tian Tan, ndipo sanamu ikapata jina.

Kuna jambo moja wageni hulipita wakihangaika na ngazi 268. Masanamu makubwa ya Buddha kwa desturi hutazama kusini; huyu anatazama kaskazini, iliko China bara. Miaka mitatu na nusu baada ya uzinduzi, Uingereza iliirudisha Hong Kong kwa China. Kila mtu na afasiri mwenyewe.

Tangu 2006 magari ya kebo hukufikisha Ngong Ping kutoka Tung Chung, kilomita 5.7, kwa dakika kama 25. Ni raha, sikatai. Ila hayafiki Tai O; huko unakwenda kwa basi. Ni kijiji cha wavuvi, nyumba zake zimesimama juu ya nguzo ndani ya mkono wa bahari, na harufu ya uduvi uliosagwa kwa chumvi ukaanikwa juani hukupokea kabla ya mwenyeji yeyote. Uvuvi wa nyavu za kukokota ulipigwa marufuku mwisho wa 2012, na sasa wasagaji hununua uduvi kutoka nje.