Jina Lililokuwa Nyuma ya Namba

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kijana wa Kimarekani aliyetaka intaneti ya kasi aliipata bwenini. Nyumbani kwa wazazi alitumia laini ya simu, akasubiri modemu imalize milio yake, na wimbo mmoja ulichukua dakika kumi au zaidi kuingia. Chuoni kulikuwa na tundu ukutani. Akichomeka waya, wimbo uleule uliingia kwa sekunde chache. Vyuo vilikuwa vimetandaza nyaya hizo kwa ajili ya masomo na utafiti. Muziki haukuwa kwenye bajeti ya mtu.

Shawn Fanning, wa Northeastern University mjini Boston, alikuwa na miaka 18 programu yake ya Napster ilipotoka, Juni 1999. Seva ya kampuni ilishika orodha tu ya nani ana wimbo gani. Wimbo wenyewe ulisafiri kutoka kompyuta ya mwanafunzi mmoja moja kwa moja hadi ya mwingine. Msomaji aliyekulia zama za kanda atasema hilo si geni. Ulipeleka kanda tupu kwenye kibanda cha kurekodi pamoja na orodha ya nyimbo, ukarudi jioni kuichukua, na msanii hakupata hata senti. Lakini mwenye kibanda hakuandika jina lako popote. Mtandao wa chuo uliliandika.

Uliliandika bila nia mbaya. Kila kompyuta iliyoingia mtandaoni ilipewa namba, na mafundi wa chuo walitunza kumbukumbu za namba ipi ilikuwa kwa nani, saa ngapi, ili wakijua kompyuta fulani inasambaza virusi waweze kumpata mwenyewe. Kumbukumbu hizo zilikaa kwenye seva, na kwa muda mrefu hakuna mtu wa nje aliyezitaka.

Chama cha kampuni za rekodi, RIAA, kiliishtaki Napster Desemba 1999. Aprili 2000 bendi ya Metallica ikaishtaki pia, na katika hati hiyohiyo ikavitia vyuo vikuu vitatu: Yale, Indiana na University of Southern California. Yale na Indiana vilifunga Napster upesi, vikaachiwa. Mwezi uliofuata mpiga ngoma wa bendi, Lars Ulrich, alifika ofisi za Napster na masanduku ya karatasi zenye majina 335,435 ya watumiaji waliokutwa wakigawana nyimbo zao. Yalikuwa majina ya kujibandika, ya aina ambayo kijana hujiita usiku wa manane. Napster iliwafungia zaidi ya watu 300,000, lakini ni akina nani hasa, masanduku hayakusema.

Napster ilizimwa Julai 2001 kwa amri ya mahakama. Programu nyingine zikachukua nafasi yake, baadhi zikiwa hazina hata seva ya katikati ya kushtakiwa. Ndipo kampuni za rekodi zikaanza kuwatafuta watu wenyewe. Aprili 2003 ziliwashtaki wanafunzi wanne, wa Princeton, Michigan Tech na Rensselaer, kwa kuendesha mifumo ya kutafuta mafaili ndani ya mitandao ya vyuo vyao. Wote walikubali kulipa, kati ya dola 12,000 na 17,500 kila mmoja. Mmoja alitoa akiba yake yote, ingawa mfumo wake ulitafuta mafaili ya kila aina, si nyimbo tu.

Hao walijulikana kwa urahisi. Kwa wengine RIAA ilikuwa na namba bila jina, na sheria ya hakimiliki ya 1998 iliiruhusu kuomba jina kwa hati iliyosainiwa na karani wa mahakama, bila jaji kuipima. MIT na Boston College vilikataa hati hizo katikati ya 2003. Hoja yao ilikuwa kavu, na nadhani ndiyo sababu ilifaulu: hati zimetolewa na mahakama ya mji mwingine, na sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi inataka mwanafunzi aarifiwe kwanza. Hakuna chuo kilichotetea wizi wa nyimbo. Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa mjini Washington, katika kesi ya kampuni ya simu ya Verizon, iliamua kwamba hati za namna hiyo hazifai dhidi ya anayepitisha tu mawasiliano. Tangu hapo ilibidi kufungua kesi mbele ya jaji dhidi ya mtu asiyejulikana, kisha kuomba jina lake.

Wakati mawakili wakihangaikia majina hayo, huko Harvard Mark Zuckerberg alichota picha za wanafunzi kwenye tovuti za mabweni, Oktoba 2003, akawaweka wenzake wawili wawili wapigiwe kura nani anavutia zaidi. Chuo kilimwita mbele ya bodi kwa kuvunja ulinzi wa mtandao, hakimiliki na faragha. Februari 2004 alirudi na Thefacebook, na safari hii hakuchota kitu: wanafunzi walileta wenyewe majina yao halisi, picha, mabweni na masomo yao. Kuingia kulihitaji baruapepe ya chuo, kwa hiyo chuo, bila kuombwa, kilikuwa kimemthibitisha kila mmoja. Kijana aliyejificha kwa jina bandia kwenye Napster hapa alijiandikisha kwa jina la cheti.

Zuckerberg na wenzake walijaribu pia Wirehog, programu ya kugawana mafaili. Sean Parker, aliyekuwa mwanzilishi mwenza wa Napster na wakati huo rais wa Facebook, aliipinga, kwani alishaonja kesi. Wirehog ilikufa. Orodha ya majina ya Facebook, tofauti na mafaili, haikumpa wakili yeyote sababu ya kubisha hodi. Septemba 2006, Facebook ilipoanza kumtangazia kila mtu kila alichofanya rafiki yake, mamia ya maelfu ya wanafunzi walijiunga na kundi la kupinga, wakilifahamu kundi hilo kupitia matangazo hayohayo.

Februari 2007 RIAA ilituma vyuoni barua 400 za kwanza, ikitaka ziwafikie wenye namba ili walipe kabla ya kushtakiwa. University of Wisconsin ilikataa kuzipeleka bila amri ya mahakama. Huko Oregon, mwanasheria mkuu wa jimbo aliingia mwenyewe mahakamani kuzuia majina ya wanafunzi 17 wa chuo kikuu cha jimbo yasitolewe. Desemba 2008 RIAA ilitangaza kwamba inaacha kesi mpya za halaiki. Facebook wakati huo ilikuwa imeshapita watu milioni 100.