Dadu haikumbuki kitu

Huko Kibumba, kando ya barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, hakuna anayesahau mlima Nyiragongo. Moto wake ulishuka mwaka 1977, tena 2002, tena 2021. Mkristu akimwuliza katekista wake: « Utashuka tena lini? », ni rahisi kujibu: « Ni bahati tu, kama dadu. » Tuangalie hesabu ya dadu ilianza namna gani, kusudi tujue kama jibu hilo ni la kweli.

Dadu ni kijiwe chenye pande sita, na alama tangu moja mpaka sita. Watu walikitupa tangu zamani sana. Mwaka 1654, katika Ufaransa, mchezaji mmoja, Chevalier de Méré, alimletea Blaise Pascal shida yake. Alijua ya kuwa mtu akitupa dadu moja mara nne, inafaa kushindania kwamba sita itatokea. Basi kwa dadu mbili, zenye njia 36 mahali pa 6, alifikiri mara 24 zitatosha kupata sita mbili pamoja. Kumbe sivyo! Pascal alimwandikia Pierre de Fermat, mwamuzi wa Toulouse, juu ya neno hilo.

Siri ni kuhesabu kwanza njia za kukosa. Kwa dadu moja, katika njia 6, njia 5 hazina sita. Ukitupa mara nne, zidisha: 5 × 5 × 5 × 5 ni 625, na njia zote ni 1.296. Zinabaki 671 za kushinda, zaidi ya nusu. Lakini kwa dadu mbili na mara 24, kushinda ni karibu 49 katika 100 tu.

Sasa, kupata sita mara tatu mfululizo ni njia moja katika 216. Lakini kama sita imekwisha kutokea mara mbili, ya tatu ni moja katika 6, sawa na siku zote. Dadu haikumbuki kitu. Mchezaji asemaye « Nimekosa sana, sasa zamu yangu imefika » anajidanganya. Mtakatifu Kamilo wa Lellis alipoteza mali yake yote katika mchezo, kabla ya kuongoka mwaka 1575.

Na mlima je? Mlima si dadu. Ndani yake moto unakusanyika, na ardhi inapasuka na kutetemeka. Yaliyopita yanatayarisha yatakayokuja. Kwa hiyo wataalamu wa Goma wanauchunguza. Lakini miaka 25, kisha miaka 19, haitoshi kutupa tarehe.

Basi, katekista, usiwaambie watu « ni bahati », wala usiwatajie mwaka. Waambie wasikilize wataalamu, wajue njia ya kukimbilia, na wasali.