Saratani ya jicho kwa watoto: Jeni ya RB1 na hatari ya mboni nyeupe

RETINOBLASTOMA ni saratani ya utotoni inayoota katika retina, utando wa neva ulio nyuma ya jicho ambao hupokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Huwapata hasa watoto wasiozidi umri wa miaka mitano. Nchini Kenya inakadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 17,000 hivi wanaozaliwa.

Dalili yake kuu ni weupe unaong'aa ndani ya mboni, mithili ya jicho la paka lililomulikwa gizani. Weupe huo huonekana kwa nadra, mwanga unapoingia kwa upande, au katika picha iliyopigwa kwa mwako wa kamera: jicho moja hutoka jekundu, la pili jeupe. Dalili nyingine ni makengeza. Kwa vile ugonjwa wa mtoto wa jicho nao huifanya mboni iwe nyeupe, ni rahisi mzazi kudhani kwamba ni maradhi yale yale ya wazee, yasiyo na haraka. Dhana hiyo ni ya hatari. Mzazi hawezi kuyatofautisha magonjwa hayo mawili kwa kutazama tu, na yote mawili, yakimpata mtoto, hayafai kucheleweshwa.

Kiini cha retinoblastoma ni jeni iitwayo RB1, iliyo katika kromosomu ya 13. Kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, Alfred Knudson, baada ya kuchunguza kumbukumbu za wagonjwa 48, alieleza kwamba lazima kuwe na mapigo mawili: nakala zote mbili ziharibike ndipo uvimbe uanze. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1986.

Takriban asilimia 40 ya wagonjwa wana nakala moja iliyoharibika katika seli zote za mwili. Aghalabu hawa huugua macho yote mawili. Wengi wao hawakurithi kasoro hiyo kwa mzazi, bali ilizuka upya, lakini wao wenyewe wakija kuzaa, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Waliosalia huugua jicho moja, na kasoro yao haitoki nje ya jicho hilo.

Katika jamii za Pwani, ambako ndoa za mabinamu si jambo geni, lawama huweza kuangukia undugu wa wazazi au husuda ya majirani. Elimu ya jeni haiungi mkono hata moja kati ya hayo: nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja yatosha kumweka mtoto hatarini, wawe wazazi ni ndugu au la.

Saratani nyingine ya tishu za neva ni nyuroblastoma, ambayo mara nyingi huanzia katika tezi zilizo juu ya figo. Hii hurithiwa kwa nadra sana, na jeni zinazohusishwa na urithi huo ni ALK na PHOX2B. Katika mgonjwa mmoja kati ya watano hivi, jeni ya MYCN huwa imejirudufu mara nyingi ndani ya uvimbe, ishara ya ugonjwa mkali.

Kwa mkazi wa Chundwa, kisiwani Pate, tatizo kubwa ni masafa. Hospitali ya karibu iko Faza. Ile ya King Fahd iko mjini Lamu, safari ya boti. Matibabu ya kibingwa ya saratani hii hupatikana mbali zaidi, katika vituo kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu. Wakati huo uvimbe haungoji: hupita kwenye neva ya jicho kuelekea ubongo.

Mkakati wa kitaifa wa kupambana na retinoblastoma ulianzishwa mwaka 2008, na mwongozo wa matibabu ukatolewa mwaka 2014. Kitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotumika kliniki kina sehemu ya kukagua rangi ya mboni. Ukaguzi huo huchukua dakika chache na hauhitaji mashine ghali, na mama ana haki ya kuuliza iwapo umefanywa.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, miali ya leza, ubaridi mkali na tibakemikali huweza kuokoa uoni. Ukiwa umekomaa ndani ya jicho, hulazimu jicho litolewe na kuwekwa la bandia. Familia nyingi huuogopa upasuaji huo, na si ajabu, lakini ndio unaomwachia mtoto uhai. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 95 hupona.

Ndugu wachanga wa mgonjwa nao hupaswa kukaguliwa macho mara kwa mara hadi vipimo vya jeni vioneshe kwamba hawana kasoro hiyo. Aliyezaliwa na kasoro ya RB1 huendelea kuangaliwa hata ukubwani, kwa kuwa anaweza kupata saratani nyingine, hasa ya mifupa.