Malezi ya Mtoto Mdogo Mkoani Mara: Mambo ya Kila Siku Yanayookoa Maisha na Kujenga Afya

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mtoto anayezaliwa leo Mwigobero mjini Musoma, Kisorya wilayani Bunda au Kiabakari wilayani Butiama anaanza maisha katika mkoa wenye neema. Ziwa Victoria linatoa samaki na dagaa. Mashamba yanatoa mtama, ulezi, muhogo na viazi vitamu, na mifugo inatoa maziwa. Hata hivyo, neema hiyo haimfikii mtoto kwa yenyewe. Humfikia pale mzazi anapojua kiasi cha dagaa cha kubakiza nyumbani kabla ya kuuza, siku ya kwenda kliniki, na saa ambayo ugonjwa hauruhusu tena kusubiri mapambazuko.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5 nchini vilipungua hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Haya ni mafanikio makubwa. Utafiti huohuo, hata hivyo, ulibaini kuwa asilimia 30 ya watoto wa umri huo wana udumavu, yaani urefu wao ni mdogo kuliko unaostahili kwa umri wao. Udumavu huathiri pia ukuaji wa ubongo, na ni vigumu kuurekebisha baada ya miaka miwili ya mwanzo.

Kwa sababu hiyo, mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), inayomlenga mtoto tangu kutungwa mimba hadi miaka 8. Programu hiyo inasimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Makala haya yanaeleza namna nguzo hizo zinavyoweza kutekelezwa katika kaya za Musoma, Bunda na Butiama.

Siku 1,000 za mwanzo

Malezi huanza tangu mimba inapotungwa. Mama mjamzito anashauriwa kuanza kliniki mapema, ndani ya wiki 12 za mwanzo, ili apimwe wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya Ukimwi, apewe vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, dawa ya kumkinga na malaria na chandarua chenye dawa. Mwenza wake aambatane naye, kwa kuwa maamuzi ya usafiri na fedha siku ya kujifungua huwahusu wote wawili.

Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa. Yana kinga ambayo mtoto hawezi kuipata mahali pengine. Katika miezi 6 ya mwanzo mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila maji, uji wala maziwa ya ng'ombe, hata wakati wa joto kali. Dawa iliyoelekezwa na mtaalamu wa afya hairuhusiwi kukatizwa kwa sababu hiyo.

Kitovu kiachwe kikiwa safi na kikavu. Kupaka samli, majivu au kinyesi cha ng'ombe huleta maambukizi yanayoweza kuua, ikiwemo pepopunda. Aidha, kukata kimeo na kung'oa yanayoitwa "meno ya nailoni" kwa mtoto anayeharisha au mwenye homa si tiba. Fizi za mtoto huyo zina meno yake ya kawaida ambayo hayajachomoza, na majeraha ya kung'olewa huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Bakuli la mtoto

Kuanzia miezi 6 maziwa ya mama pekee hayatoshi. Mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi huku akipewa chakula cha nyongeza. Mwenye miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, akianza na vijiko viwili au vitatu na kuongezewa taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 hadi 4, pamoja na asusa kama vile ndizi, papai au parachichi. Uji uwe mzito kiasi cha kutochuruzika upesi kwenye kijiko. Uji mwepesi hujaza tumbo la mtoto bila kumpa nguvu.

Uji wa mtama, ulezi au muhogo peke yake haumtoshelezi mtoto. Uchanganywe na vyakula vinavyojenga mwili, na kwa kaya za ukanda wa ziwa kilicho karibu zaidi ni dagaa. Wachaguliwe dagaa waliokaushwa juu ya chanja au turubai badala ya mchangani. Waoshwe vizuri, wakaushwe tena, wakaangwe bila mafuta, wasagwe na kuchekechwa. Unga huo huongezwa kijiko kimoja au viwili katika mboga au uji wakati unachemka. Familia ya wavuvi inayouza mzigo wote na kununua sukari ya uji inakuwa imebadilisha chakula cha thamani kubwa kwa kile cha thamani ndogo. Kwa wafugaji na wakulima wa Butiama na Bunda, maharage, kunde, karanga zilizosagwa, mayai na maziwa yaliyochemshwa hufanya kazi hiyohiyo. Matembele, mchicha, majani ya kunde na viazi lishe vya rangi ya chungwa humpatia mtoto vitamini A. Chumvi iwe yenye madini joto. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, na karanga nzima zisitolewe kwa mtoto mdogo kwani zinaweza kumpalia.

Muhogo unahitaji uangalifu wa pekee. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, ugonjwa wa konzo ulizuka katika eneo la iliyokuwa Wilaya ya Tarime mkoani humu. Zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla na kubaki na ulemavu wa kudumu. Uchunguzi ulionesha kuwa walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha kuondoa sumu yake, huku mlo ukikosa vyakula vya kujenga mwili. Funzo lake halijapitwa na wakati: muhogo mchungu umenywe, ulowekwe au uvundikwe kwa siku kadhaa na ukaushwe juani vizuri kabla ya kusagwa. Njaa isiwe sababu ya kufupisha hatua hizo, na ugali wa udaga uliwe pamoja na dagaa, maharage au maziwa.

Kliniki, chanjo na chandarua

Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hurudi kwa chanjo za polio, za kuhara na nimonia, na ile inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, yakiwemo dondakoo, kifaduro na pepopunda. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Wazazi wengi huacha kliniki baada ya miezi 9. Ile ya miezi 18 ndiyo inayokamilisha kinga. Mtoto aliyechelewa apelekwe hata hivyo, wahudumu watapanga upya ratiba yake.

Siku ya kliniki mtoto hupimwa pia uzito na urefu. Mzazi aombe kuelezwa mstari wa ukuaji ulio kwenye kadi: ukipanda, mtoto anakua, ukilala au kushuka, hatua zichukuliwe mapema. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria zaidi nchini. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, masika na kiangazi. Chandarua kisitumike kuanikia dagaa, kuvulia samaki au kuzungushia bustani. Homa yoyote ipimwe kabla ya kutumia dawa, na dozi imalizwe hata kama mtoto ameanza kucheza.

Ugonjwa wa selimundu, maarufu kama sikoseli, nao unapatikana kwa wingi katika kanda hii. Mtoto anayevimba mikono na miguu, mwenye macho ya njano au anayepungukiwa damu mara kwa mara apimwe ugonjwa huo. Akigundulika mapema, matibabu humwezesha kukua na kusoma.

Ziwa: riziki na hatari

Maji ya ziwa, kisima au mto yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kabla ya kunywewa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuandaa chakula na kumlisha mtoto, na baada ya kutoka chooni au kumsafisha mtoto. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, kwani kinaeneza magonjwa kama cha mtu mzima.

Vimelea vya kichocho huishi katika maji yenye konokono kandokando ya ziwa na huingia mwilini kupitia ngozi. Mtoto asiogeshwe ufukweni. Maji ya kumwogesha yakihifadhiwa siku mbili katika chombo safi kilichofunikwa, vimelea hivyo hufa, ingawa maji hayo bado hayafai kunywa bila kutibiwa. Maumivu ya tumbo yasiyoisha, au damu katika choo au mkojo, ni sababu ya kumpeleka mtoto kituoni.

Mtoto mdogo huzama kimya na kwa dakika chache, hata katika ndoo au beseni. Visima na mashimo yafunikwe. Mama anapofua mwaloni, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kuwaangalia watoto. Mtoto wa miaka 6 asiachiwe mdogo wake wa mwaka mmoja. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kama Buhemba, zebaki isichomwe nyumbani wala kuwekwa karibu na vyombo vya chakula, na watoto wasicheze kwenye mashimo na mialo ya kuchenjulia.

Dalili zisizosubiri

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, anapoonesha mojawapo ya dalili hizi:

- Anashindwa kunyonya au kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea, haamki au amepoteza fahamu.
- Anapumua haraka au kwa shida, na kifua kinabonyea ndani.
- Anaharisha damu, au macho yamedidimia na ngozi imekosa unyevu.
- Ana viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu.
- Ni mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye mwili wa moto au baridi isiyo ya kawaida, au kitovu chenye usaha.

Degedege ni dalili ya ugonjwa kama malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Si "ndege" wala mkono wa mtu, na kila saa inayotumika kwa mganga wa kienyeji ni saa iliyopotea. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kama mtoa huduma atakavyoelekeza. Aendelee kunyonya na kula.

Kuzungumza na kucheza

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka mitatu ya mwanzo, na huchochewa na sauti, mguso na mchezo. Mzazi amtazame mtoto machoni anapomnyonyesha, amjibu anapobwabwaja, amwimbie na kumsimulia. Lugha iwe ile ambayo nyumba inaimudu vizuri, iwe Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kiswahili. Vifaa havihitaji fedha: magunzi, makopo, vizibo vikubwa visivyomezeka na mpira wa matambara vinatosha. Simu haifai kuwa mlezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asioneshwe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Afikapo miaka 5 aandikishwe darasa la awali.

Ulinzi na haki

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, matunzo na ulinzi. Kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 cheti hutolewa bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Kumpiga mtoto mdogo humfunza hofu. Kumweleza, kumwelekeza na kumsifu anapofanya vyema humfunza tabia. Ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15.

Mwananchi anayeshuhudia mtoto akifanyiwa ukatili au kutelekezwa atoe taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au apige simu ya bure namba 116.

Wajibu huu si wa mama peke yake. Baba anayetoka ziwani alfajiri au malishoni jioni anaweza kubakiza kikombe cha dagaa au maziwa, kukagua kadi ya kliniki na kumbeba mtoto dakika chache kabla ya kulala. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa ushauri zaidi, wazazi na walezi wa Musoma, Bunda na Butiama wanahimizwa kumwona mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji au mtaa wao, au kufika zahanati iliyo karibu.