Jina la Nani Liko Kwenye Msimbo?

Ukiuliza historia ya programu huria nchini Kenya, wengi watakupeleka moja kwa moja hadi Ngong Road, Nairobi, mwaka wa 2010, iHub ilipofunguliwa. Sisi wa huku Bonde la Ufa tuna haki ya kulalamika kidogo. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, si mbali na Eldoret, kilikuwa tayari kinaweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Zilikuwa kompyuta mbili tu zilizounganishwa, na betri za sola za kuzishikilia stima ikipotea. Programu yenyewe iliandikwa kwa Microsoft Access. Si kitu cha kupiga picha na kuweka Instagram, lakini ilifanya kazi.

Naandika programu hapa Nakuru, na mara nyingi huwaonyesha vijana wanaoanza jinsi ya kutumia Git. Swali lao la kwanza huwa lile lile: kwa nini mlolongo huu wote? Kwa nini nisibadilishe faili nikaihifadhi, yakaisha? Jibu la kiufundi wanalipata mtandaoni kwa dakika mbili. Jibu la kihistoria ni refu zaidi, na sehemu yake iliandikwa huku kwetu.

Turudi Mosoriot. Mfumo ule mdogo ulizaliwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ushirikiano ambao baadaye ulizaa AMPATH, mpango wa kutibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Wagonjwa wakaongezeka haraka kuliko Access ingeweza kubeba. Mwaka wa 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaanza kuchora mfumo mpya kwa ajili ya Eldoret. Wakaungana na Partners In Health pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, na badala ya kuufungia wakauacha huria. Ukaitwa OpenMRS. Mwaka wa 2006 ulianza kutumika Eldoret, kabla ya hospitali nyingine yoyote duniani.

Sasa fikiria hali ya mtu wa Eldoret au Nakuru aliyetaka kurekebisha kitu kwenye msimbo ule. Mradi ulitumia Subversion, na Subversion ina seva moja. Historia yote ya msimbo inakaa pale: nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Wewe kwenye kompyuta yako una toleo la leo tu. Ukitaka kujua mstari fulani ulikuwaje mwaka jana, uliza seva. Ukitaka kuhifadhi badiliko, piga hodi kwa seva. Na kabla ya Juni na Julai 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa chini ya bahari, kupiga hodi kulimaanisha kupitia setilaiti. Mtandao ulikuwa ghali na wa kukatika-katika. Mtu aliyekuwa na hospitali nzima ya kuhudumia alitegemea kamba nyembamba sana ili aongeze mistari kumi.

Lakini polepole ya mtandao haikuwa shida kubwa zaidi. Shida kubwa ilikuwa ruhusa. Kwenye Subversion, wachache walikuwa na haki ya kuandika kwenye seva. Wengine wote walitengeneza kiraka: faili dogo linaloonyesha mistari iliyotolewa na iliyoongezwa. Ulikiambatisha kwenye tiketi ya kazi, kisha ukangoja mwenye ruhusa akisome, akijaribu, akiingize. Akishakiingiza, seva iliandika jina lake yeye. La kwako lingeonekana tu kama angekumbuka, kwa hisani yake, kulitaja kwenye maelezo. Hakuna aliyepanga kumnyima mtu sifa. Mfumo haukuwa na kisanduku cha jina la pili, basi.

Hapo ndipo ninapoona jambo hili ni la wanahistoria kama lilivyo la mafundi. Leja ikiwa na nafasi ya jina moja, jina litakaloandikwa ni la mwenye kalamu. Fundi aliyekaa usiku kucha akitafuta kwa nini tarehe za kliniki zinajipanga vibaya anabaki nje ya rekodi, na miaka kumi baadaye mtu anayesoma historia ya mradi ataapa kwamba kazi yote ilifanywa ng'ambo.

Git ilitoka kwingine kabisa. Aprili 2005, Linus Torvalds na wenzake wanaounda Linux walikosa chombo chao cha kazi, BitKeeper, baada ya kampuni iliyokimiliki kuondoa leseni ya bure. Torvalds akaandika chake. Kwa mahitaji ya Linux aliamua mambo mawili ambayo bila yeye kukusudia yalitufaa sana sisi. La kwanza: kila anayechukua nakala anachukua historia yote, tangu siku ya kwanza. Unaweza kuhifadhi mabadiliko hamsini ndani ya matatu kutoka Nakuru hadi Eldoret, bila mtandao hata chembe, kisha ukayatuma yote ukifika penye Wi-Fi. La pili: Git ina nafasi mbili za jina. Moja ni ya aliyeandika, nyingine ni ya aliyeingiza. Torvalds alikuwa akipokea viraka kwa barua pepe kutoka kwa maelfu ya watu, na hakutaka majina yao yapotee.

GitHub ilipofunguliwa mwaka wa 2008 ikaongeza desturi nyingine. Huhitaji tena ruhusa ya kuandika kwenye ghala kuu. Unachukua nakala yako mwenyewe, unafungua tawi, unafanya kazi, kisha unatuma ombi la kuunganisha. OpenMRS nayo ikahama kutoka Subversion hadi Git mwanzoni mwa muongo uliofuata. Utaratibu mpya ukawa tiketi moja, tawi moja, na tawi libebe namba ya tiketi.

Usidhani kuhama kulikuwa raha. Watu waliokuwa na miaka ya Subversion mikononi walilazimika kujifunza upya maneno waliyodhani wanayajua. Kuhifadhi hakukumaanisha tena kutuma. Neno tawi, ambalo zamani lilimaanisha jambo zito la kufanywa mara chache, likawa jambo la kila asubuhi. Na mgongano, pale watu wawili wamegusa mstari mmoja na Git inakataa kuamua nani yuko sahihi, ulimkuta kila mtu. Hata leo, kijana akiona zile alama za mgongano mara ya kwanza, uso unabadilika kabisa. Namwambia atulie. Git haijaharibu chochote. Imegundua tu kwamba kuna watu wawili, na inataka mwanadamu asikilize pande zote mbili.

Kwa mtu wa Nakuru, habari ya pande mbili si mzaha. Mwisho wa Januari 2008 mji huu na Naivasha zilishuhudia mauaji na nyumba kuchomwa, wiki chache tu baada ya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret kuteketezwa likiwa na watu ndani. Katika mwezi huo huo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni ambapo mtu wa kawaida aliweza kuripoti alichokiona. Msimbo wake uliachwa huria, na mwaka wa 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Silinganishi kifo cha mtu na mstari wa programu. Ninachosema ni kwamba watu wa mkoa huu walijua kwa uchungu kwa nini rekodi lazima ionyeshe nani alisema, lini, na nani alibadilisha baadaye. Kwenye Git kila badiliko lina alama yake ya siri ya hesabu, na alama hiyo imejengwa juu ya ile iliyotangulia. Ukigusa la zamani kisirisiri, yote yaliyofuata yanabadilika alama, na kila mwenye nakala ataona.

Lakini hebu tusiimbe sifa tu. Utaratibu mpya nao una malango yake. Ombi la kuunganisha linaweza kukaa miezi bila kujibiwa, na anayeamua bado ni yule yule mwenye funguo za ghala kuu. Halafu kuna desturi ya kukunja mabadiliko yote ya tawi yawe moja kabla ya kuunganisha, ili historia ionekane nadhifu. Inarahisisha kusoma, nakubali. Pia inafuta majaribio, makosa na kurudi nyuma, yaani ile sehemu ambayo mwanafunzi angejifunza zaidi kutoka kwayo. Na mfumo ulioundwa usiwe na kitovu umejikuta umerudi kwenye kitovu kimoja: Microsoft ilinunua GitHub mwaka wa 2018, na mwaka uliofuata watumiaji wa Iran na Syria wakafungiwa huduma kadhaa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Nakala zilizokuwa kwenye kompyuta zao hazikufutika. Mlango wa kushirikiana ndio ulioguswa.

Hilo lilinirudia akilini Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Kenya ina KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS kuanzia 2012 na kusambazwa katika mamia ya vituo vya afya vya umma, kwa kiasi kikubwa kwa pesa za Marekani. Mshahara unaweza kukatwa kwa barua moja. Seva inaweza kuzimwa. Msimbo wenyewe, pamoja na historia yake yote, tayari uko kwenye laptopu nyingi mno kuweza kurudishwa.

Ila msimbo usio na wasomaji ni kama maktaba iliyofungwa. Mtu akitaka kesho kuutengeneza upya mfumo huo kwa pesa zetu wenyewe, atahitaji vijana wanaoweza kufungua historia ile, kuona kwa nini uamuzi fulani ulifanywa mwaka wa 2013, na kumtafuta aliyeufanya. Ndiyo maana nawasumbua wanaoanza kuhusu jambo ambalo wao huliona dogo: kabla ya kuhifadhi badiliko la kwanza, andika jina lako kamili kwenye mipangilio ya Git. Usiache jina la kompyuta, wala lakabu uliyojipa kidato cha pili. Kisha andika maelezo yanayoeleweka, yanayosema kwa nini ulibadilisha, kwa sababu ulichobadilisha tayari kinaonekana.

Chukua nakala ya OpenMRS jioni moja, zima mtandao, usome historia yake kutoka chini kwenda juu. Kwenye kurasa za mwanzo utakutana na majina machache yakijirudia. Endelea kupanda. Majina yataanza kuwa mengi, na mengine utayatambua yanatoka wapi kabla hujamaliza kuyatamka.