Wanawake katika Mabaraza ya Sheria na Hatima ya Chemchemi Zetu

Utamaduni wa taifa unapotajwa, aghalabu fikira za watu hukimbilia ngoma, mavazi, hadithi na mashairi. Hayo yote ni utamaduni, lakini si hayo tu. Namna watu wanavyogawana ardhi, wanavyochota maji na wanavyoamua nani aseme barazani ni sehemu ya utamaduni pia, na pengine ndiyo sehemu iliyo nzito zaidi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wanawake walivyoingia katika mabaraza ya kutunga sheria nchini mwetu, na jinsi sheria hizo zinavyoigusa ardhi na maji ya sehemu kama Lupepo. Hoja yetu ni moja: mchango wa wanawake hao katika kukabili mabadiliko ya tabianchi haukungoja siku jina hilo lilipoanza kusikika bungeni. Mizizi yake imo katika sheria za ardhi.

Lupepo ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambayo makao yake makuu ni mji wa Tukuyu. Rungwe ni nchi ya milima iliyozaliwa na volkano. Mlima Rungwe wenyewe unakaribia kimo cha mita 3,000, na katika sehemu nyingi za wilaya mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo huo na mvua hiyo ndivyo vinavyostawisha migomba, chai, viazi, kahawa na maparachichi. Mito ya Kiwira na Mbaka huteremka kutoka huko hadi Ziwa Nyasa. Mgeni aonaye kijani hicho chote hudhani kwamba maji hayawezi kuwa shida katika nchi ya namna hiyo. Kumbe chemchemi haidumu kwa mvua peke yake. Msitu ukikatwa, maji ya mvua hayapenyi ardhini. Hutiririka juu juu, yakachukua udongo, na kiangazi kikifika chemchemi hunywea. Tena palipopandwa milingoti karibu na kijito, mizizi yake hunywa maji kwa pupa. Tabianchi inapogeuka, mvua zikachelewa kisha zikanyesha kwa kishindo, kila kosa la namna hiyo huongezeka uzito.

Sasa tujiulize: ni nani anayeijua kwanza habari ya chemchemi iliyonywea? Katika jadi ya Wanyakyusa wanaume walilima kwa jembe, na wanawake walipanda, walipalilia, walivuna, walichota maji na kutafuta kuni. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanamke ndiye aliyekilala kitanda hiki, kwa kuwa kila hatua iliyoongezeka katika njia ya kisimani iliongezeka miguuni pake. Hata hivyo ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume, na urithi ulipita kwa wanaume. Yule aliyeyajua maji hakuwa na neno la mwisho juu ya ardhi yatokamo maji hayo.

Hali barazani haikuwa tofauti. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika mwaka 1958 na 1959, wanawake waliochaguliwa walikuwa Sophia Mustafa, Marion Chesham na Barbro Johansson. Uchaguzi huo ulipangwa kwa rangi, na wanawake hao waliingia kwa viti vya Waasia na Wazungu. Mwaka 1960 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa amewahamasisha maelfu ya akina mama katika TANU, alichaguliwa kuwa mbunge wa Rufiji. Mwaka huohuo aliingia Lucy Lameck, ambaye baadaye alikuwa naibu waziri. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1975 ndipo Tabitha Siwale na Julie Manning wakawa mawaziri wa kwanza wanawake, Siwale akikabidhiwa wizara ya ardhi na Manning wizara ya sheria. Mwaka 1985 vikatengwa viti 15 vya wanawake bungeni. Na kuanzia mwaka 2005 Katiba ikataka viti maalumu visipungue asilimia 30. Katika Bunge la mwaka 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Katika halmashauri za wilaya nako madiwani wanawake wa viti maalumu wakawekewa theluthi.

Hesabu hizo zisingekuwa na maana kama sheria zenyewe zingebaki zilivyokuwa. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Wabunge wanawake, wakisaidiana na wanasheria wanawake na vyama vya kutetea haki, walizitetea haki za akina mama zisiachwe nje. Matokeo yake, sheria ya kwanza ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Ya pili ilibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke haki hiyo. Ikaagiza pia kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wawe wanawake.

Msomaji ataweza kuuliza: haya yanahusianaje na mvua na ukame? Yanahusiana sana. Vijijini kwetu kupanda mti ni alama ya kumiliki. Mwenye kupanda mahindi hudai mavuno ya msimu mmoja tu. Mwenye kupanda mti hudai ardhi kwa miaka 20. Kwa hiyo mwanamke anayelima kwa hisani ya ukoo hazuiwi kupanda viazi, lakini akishika mche huulizwa amepewa na nani. Na hata asipoulizwa, kwa nini ahangaike kuushikilia udongo kwa matuta na miti, ilhali hajui kama mume akifariki atabaki hapo? Hifadhi ya ardhi huhitaji subira, na subira huhitaji uhakika. Sheria iliyompa mwanamke uhakika imempa sababu ya kupanda.

Mwaka 2004 ilitungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au chanzo cha maji. Kwa wilaya yenye vijito vingi kama Rungwe, katazo hilo ni kinga kubwa. Lakini hapa pana jambo lisilopaswa kufichwa. Ukingo wa kijito, wenye unyevu hata kiangazi, mara nyingi ndipo mwanamke maskini hulima mboga zake, maana mashamba mema ya juu yana wenyewe. Mita 60 hizo zikitekelezwa bila busara, maji hupona na mtoto hulala njaa. Zikipuuzwa, mboga hupatikana mwaka huu na kijito hukauka miaka ijayo. Shida hii haitatuliwi Dodoma peke yake. Sheria za nchi zinairuhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo kwa kibali cha halmashauri ya wilaya. Huko ndiko itakiwapo sauti ya mwanamke atakayesema: ukingo tuuache, ila aliyelima ukingoni apewe kwanza sehemu nyingine.

Nje ya mipaka yetu twapata mifano. Wangari Maathai wa Kenya alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akawalipa wanawake wa vijijini kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Alipochaguliwa kuwa mbunge wa Tetu mwaka 2002 na kufanywa waziri msaidizi wa mazingira, alikuwa tayari ameujua udongo. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mwaka huohuo Gertrude Mongella wa Tanzania, aliyepata kuwa waziri wa ardhi na maliasili, alikuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Naye Tulia Ackson, mzaliwa wa Tukuyu, alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge letu mwaka 2022, akimfuata kwa jinsia Anne Makinda aliyeshika kiti hicho mwaka 2010 hadi 2015. Na mwaka 2023, mjini Luanda, akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Binti wa Rungwe akakalia kiti cha chama cha mabunge kilichoasisiwa mwaka 1889, wakati mwanamke hakuwa na kura karibu popote duniani.

Hata hivyo, tusiridhike na fahari. Mwanamke hamtetei mwanamke mwenziwe kwa kuwa mwanamke tu. Mbunge wa viti maalumu huteuliwa kwa njia ya chama chake, hana jimbo, na kwa hiyo huweza kukaa mbali na kisima. Kadhalika wajumbe watatu wa Baraza la Ardhi la Kijiji huweza kuhudhuria kila kikao wasiseme neno, kama adabu ya kijijini ingali yawataka wanyamaze mbele ya wakwe. Sheria huweza kumwekea mtu kiti. Kumfungua kinywa ni kazi ya malezi, na malezi ni kazi ya shule na ya wazazi.

Ndiyo maana twawageukia walimu na wanafunzi. Wanafunzi wa Lupepo, na wa kila kata yenye kijito, waende na mwalimu wao wakapime mita 60 kutoka kwenye maji, waandike kilichomo ndani ya mita hizo: msitu, milingoti, mboga au nyumba. Kisha wamwulize Mtendaji wa Kijiji majina ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi, na ni wangapi kati yao walio wanawake. Daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na msomaji wake awe msichana.