Marereni na Pwani ya Ng'ambo ya Sabaki

Marereni ni kituo cha biashara katika eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Garsen. Mashariki yake ipo Ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za zamani ziliiita Formosa. Magharibi kuna nyika ya miiba na mashamba yanayongoja mvua. Wakazi wengi ni Wagiriama, kabila kubwa kuliko yote tisa ya Wamijikenda. Pamoja nao wapo Wabajuni wanaovua, Waorma wanaopitisha mifugo, Wapokomo, na watu wa bara waliofuata kazi ya chumvi au duka. Abiria wa Lamu huiona Marereni kupitia dirishani tu: safu za maduka ya mabati, bodaboda chini ya mti, na kwa mbali vilima vyeupe vinavyomfanya mgeni aulize ni nini. Vitabu vya watalii navyo huishia Malindi au Mambrui. Huo ni uvivu wa waandishi, kwa maana mambo yaliyoijenga pwani hii yanaonekana wazi zaidi ng'ambo ya mto Sabaki.

Kutoka Kilifi hadi Malindi

Safari ya kwenda kaskazini huanzia kwenye daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuwapumzisha watu foleni ya feri. Barabara kisha hupakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, uliobaki kuwa kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu wa pwani katika Afrika Mashariki. Mbele kidogo ni Gede, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Malindi yenyewe haihitaji maelezo marefu. Ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, ikampokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498, ikafa ganzi kwa muda mrefu, kisha ikafufuliwa kuanzia mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar. Ufufuo huo ulikuwa wa mashamba ya nafaka, na nafaka hiyo ililimwa na watumwa.

Mto

Mto Sabaki unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, unaitwa Galana unapopita nyikani, na kumwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi baada ya kilomita 390 hivi. Mvua ikinyesha Ukambani, udongo mwekundu wa mashamba ya huko hushuka nao. Ndiyo maana maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa kwa miezi kadhaa ya mwaka, na ndiyo maana ufuo wake umepanuka hata bahari ikayaacha mbali majengo yaliyojengwa ukingoni mwake. Mchanga uleule, ukipeperushwa na upepo, umejenga vilima virefu vya mchanga upande wa Mambrui.

Katika siasa pia mto huu ulikuwa mpaka. Wagiriama, waliokuwa wakisambaa kutoka kayani, makao yao ya kale ya msituni, kutafuta ardhi, waliuvuka Sabaki katika miaka ya 1890. Walikuta udongo wenye rutuba na soko la mahindi karibu, wakastawi. Serikali ya kikoloni haikupenda: mkulima mwenye ghala lililojaa haendi kuwa kibarua katika shamba la mzungu. Mwaka 1913 msaidizi wa mkuu wa wilaya, Arthur Champion, alipokuwa akidai kodi na vijana wa kazi, Mekatilili wa Menza, mjane mwenye ulimi mkali, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwalisha watu kiapo cha kutotii. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa magharibi mwa Kenya, wakatoroka na kurudi. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama wakaamriwa kuhama kutoka kaskazini mwa Sabaki, nyumba zao zikachomwa, na wakatozwa faini ya rupia 100,000. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walirudi ng'ambo. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, ndani ya Magarini hiihii, na sanamu yake imesimama katika bustani ya mji wa Malindi tangu mwaka 2010.

Mambrui na Ngomeni

Mambrui ni mji wa Waswahili wenye msikiti wa kale, vyuo vya Kurani na kaburi la mnara lililopambwa kwa sahani za kauri za China. Mwaka 2010 wachimbaji wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking walikuta hapo sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China kati ya mwaka 1402 na 1424. Sarafu hiyo ilizua gumzo kubwa la magazetini kuhusu msafara wa amiri wa China, Zheng He. Tuseme ukweli, sarafu moja inaweza kusafiri katika mifuko mingi kabla ya kudondoka.

Ngomeni, kijiji cha wavuvi kwenye rasi iliyo mbele zaidi, ina habari isiyotarajiwa. Baharini mkabala nayo Waitaliano, wakiongozwa na Luigi Broglio, walisimamisha jukwaa la San Marco, lenye miguu ya chuma iliyokita kwenye sakafu ya bahari. Mahali palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi ikielekea mashariki. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Ile iliyosifika kuliko zote ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo Wamarekani walioitengeneza waliipa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, na kazi ya aina hiyo ndiyo iliyompa Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ya mwisho ilirushwa mwaka 1988.

Chumvi

Kuanzia Gongoni, kupita Marereni hadi Kurawa, pwani yote ni nchi ya chumvi. Sababu zake ziko ardhini na angani. Ardhi ni tambarare, iko chini karibu sawa na bahari, na udongo wake ni wa mfinyanzi unaoshika maji yasipenye. Jua ni kali, mvua ni chache kuliko za Kilifi kusini, na upepo wa kaskazi hauna kizuizi. Ukame unaomnyima mkulima mahindi ndio unaompa mwenye kiwanda mavuno.

Kazi huanza na maji ya bamvua. Bahari ikijaa sana kwenye hori za mikoko, pampu huvuta maji na kuyamwaga kwenye bwawa la kwanza, pana kama uwanja wa ndege. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina. Maji huhamishwa bwawa baada ya bwawa, kila moja likiwa zito kuliko lililotangulia. Jasi huganda mapema, nayo huachwa nyuma katika mabwawa ya katikati. Maji yanapokuwa yamepungua hadi kama sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa, chumvi ya kupikia huanza kuganda, na hapo huingizwa katika mabwawa ya mwisho. Kosa la kuchelewa kuyatoa maji yanayobaki ni kubwa, kwa kuwa yana magnesi inayoifanya chumvi iwe chungu na kunyonya unyevu.

Ukisimama kwenye tuta la bwawa la mwisho unaona maji ya waridi. Rangi hiyo hutokana na vijidudu na mwani unaopenda chumvi kali ambayo samaki hawezi kuivumilia. Pembezoni, povu gumu limeganda kwenye vijiti na mawe. Chini ya kiatu sakafu hulia kama sukari guru inayovunjwa. Vibarua, wamevaa viatu vya mpira na vitambaa usoni, huvunja gamba hilo na kulikusanya. Penye mashine, trekta hulikwangua. Mwanga unaorudi kutoka kwenye weupe ule huumiza macho kuliko jua lenyewe, na kidonda kidogo cha mguu hakiponi upesi. Chumvi huoshwa kwa maji mazito ya chumvi ili isiyeyuke, hurundikwa vilima, husagwa, kisha huongezwa iodini kama sheria ya Kenya inavyotaka ili kuzuia tezi la shingo. Masika yakianza, kazi husimama: mvua ya usiku mmoja yaweza kuyeyusha jasho la wiki nyingi, na kibarua aliyekuwa akilipwa kwa siku hurudi nyumbani.

Ndege wamefaidi bila kuulizwa. Heroe na makundi ya ndege wa ufuoni wanaohama kutoka kaskazini ya dunia huja kulisha katika mabwawa na mlangoni mwa Sabaki.

Ardhi

Mtu akikaa Marereni nusu siku tu, mazungumzo yatafika kwenye ardhi. Mizizi ya tatizo ni ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Sheria hiyo iliwapa hati waliojua kudai, na ikawaacha Wamijikenda wengi wakiitwa maskwota katika mashamba waliyolima wenyewe. Mwaka 1978 serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Magarini kwa msaada wa Australia. Wataalamu walichora mipaka, wakafyeka, wakachimba visima. Maji mengi yalitoka ya chumvi, udongo ukachoka, na mradi ukawa mfano unaofundishwa vyuoni wa nia njema iliyokosa maji.

Viwanda vya chumvi navyo vilienea kuanzia miaka ya 1970 kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wakiishi, kuvua na kukata miti. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani huko Magarini. Wakazi walieleza kufukuzwa, visima vya maji matamu kugeuka chumvi, mikoko kukatwa na hali ngumu za vibarua, nao wawakilishi wa viwanda wakapewa nafasi ya kujibu. Upande wa pili wa mizani ni kwamba hakuna mwajiri mwingine wa kiasi hicho kati ya Malindi na Garsen. Kijana wa Marereni anaweza kuvilaumu viwanda asubuhi na kuomba kazi humohumo mchana, wala hajipingi.

Maisha ya kila siku

Asubuhi huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, au kwa chai na kiporo cha sima. Mchana ni sima tena, kwa samaki akipatikana, au kwa mchunga, mboga chungu ambayo Mgiriama halisi hasikitiki kuila wiki nzima. Mnazi hugemwa zaidi kusini ambako minazi imestawi, lakini hunywewa huku pia, na hakuna posa ya Kigiriama inayoenda bila kadzama ya tembo.

Wavuvi huvua kamba, pono na papa wadogo kwa nyavu, malema na nyuzio. Kamba hutegemea mikoko na maji ya matope ya Sabaki na Tana, ndiyo maana Ghuba ya Ungwana ndiyo uwanja mkuu wa kamba nchini. Utajiri huo umeleta ugomvi wa miaka mingi kati ya wavuvi wadogo na meli zinazokokota nyavu kubwa, ambazo kuanzia mwaka 2006 zilizuiwa kwa muda kabla ya kuwekewa masharti mapya.

Magharibi, vijijini, bado husimama vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Vingi viliibwa na kuuzwa Ulaya na Marekani kama sanaa. Mwaka 2014 jumba moja la makumbusho mjini Denver lilitangaza kurudisha 30.

Kufika

Matatu huondoka Malindi zikijaa, si kwa saa maalumu. Mabasi ya Garsen na Lamu hushusha abiria barabarani. Wakati mzuri ni wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ambapo mabwawa yanavunwa na njia za vijijini zimekauka. Mwezi wa Mei bodaboda wenyewe hukataa kwenda baadhi ya vijiji. Anayetaka kuona mabwawa aombe ruhusa getini, kwa kuwa ni eneo la kazi lenye walinzi. Mbele ya Marereni barabara inaingia Tana River, mabwawa yanakwisha, na ng'ombe wa Waorma huanza kuonekana pande zote mbili za lami hadi Minjila, karibu na Garsen.